Namna ya Kuandaa Mjadala wa Wananchi Unaozaa Uamuzi

Mijadala mingi ya wananchi huwa imeshakufa kabla watu hawajaketi. Viti vimepangwa, kipaza sauti kinafanya kazi, watu wamejaa, na maneno mazuri yanasemwa. Kinachokosekana ni ahadi iliyoandikwa: yatakayosemwa yatafanyiwa nini, na nani, kufikia tarehe gani. Bila ahadi hiyo watu hutoa yaliyo moyoni, hurudi nyumbani, na mkutano unaofuata huhudhuriwa na nusu yao. Mara ya tatu wanabaki waandaaji na jamaa zao.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha jamii, ofisi ya serikali za mitaa, chama cha wakazi, au asasi yoyote inayotaka kuwakutanisha watu kati ya 40 na 100 kwa nusu siku ili wajadili jambo moja linalowahusu. Jipe wiki nane za maandalizi. Inawezekana kufanya kwa wiki tatu, lakini kitakachoathirika ni namna ya kuwapata washiriki, na hapo ndipo haki ya mjadala mzima inaposimama.

Hatua ya kwanza: mtafute mwenye kalamu

Kabla ya kufikiria ukumbi, jiulize: uamuzi tunaotaka kuugusa unafanywa na nani, na lini? Jina la wizara au halmashauri halitoshi. Tafuta kikao kinachopitisha jambo hilo, cheo cha anayesaini, na tarehe ambayo baada yake haliwezi kubadilishwa. Bajeti ikishapitishwa, mjadala kuhusu bajeti hiyo ni kupoteza muda wa watu. Kwa hiyo hesabu kutoka tarehe ya kikao kurudi nyuma: mjadala ufanyike angalau wiki nne kabla yake, ili ripoti iandikwe, isomwe na ijibiwe.

Ukishampata mwenye kalamu, mwombe asaini barua ya ahadi. Ni ukurasa mmoja, wenye mambo matano: swali litakalojadiliwa, nguvu watakayokuwa nayo wananchi, mipaka isiyoweza kuguswa, kama vile kiwango cha fedha, sheria iliyopo au mkataba uliokwisha kusainiwa, tarehe ya kutoa majibu, na cheo cha atakayejibu.

Jambo la pili kati ya hayo ndilo linaloleta ugomvi zaidi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuwapa watu taarifa, kuwauliza maoni, kupanga nao, na kuwaachia waamue. Zote nne ni halali. Kisicho halali ni kuwaita kana kwamba wataamua, wakati kilichokusudiwa ni kuwasikiliza tu. Andika neno moja lililo wazi kwenye barua na ulirudie kwenye kila mwaliko.

Nguvu ya ahadi ya namna hii ilionekana Ireland. Mwaka 2016 Bunge lilianzisha baraza la wananchi 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na mwenyekiti, na moja ya kazi zao ilikuwa kujadili kifungu cha katiba kuhusu utoaji mimba. Azimio lililounda baraza hilo lilieleza mapema kuwa ripoti yake ingepelekwa kwenye kamati ya Bunge. Ripoti ilifika, kamati ikakaa, na tarehe 25 Mei 2018 wananchi wote wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 walikubali mabadiliko. Mtu anaweza kupenda au kuchukia matokeo hayo, lakini kila mmoja aliiona njia ya neno kutoka mezani hadi kwenye katiba. Ufaransa ilikwenda vingine. Mwaka 2019 ilikutanisha wananchi 150 kujadili tabianchi, na Rais Emmanuel Macron akaahidi kuwa mapendekezo yao yangepelekwa mbele bila kuchujwa. Mengi yalichujwa. Washiriki walipokutana tena mwaka 2021 kupima majibu ya serikali, walitoa alama za chini. Kosa halikuwa kukataa baadhi ya mapendekezo, maana serikali yoyote ina haki hiyo. Kosa lilikuwa kuahidi zaidi ya walivyoweza kutimiza.

Na kama mwenye kalamu akikataa kusaini? Zipo njia mbili za uaminifu. Ahirisheni, mwendelee kumfuata. Au fanyeni mjadala wenu wenyewe kwa lengo la kuandika ombi la pamoja, mkiwaambia washiriki tangu mwanzo kwamba serikali haijaahidi chochote. Njia ya tatu, ya kufanya mkutano na kutumaini kuwa mkubwa atalainika akiona umati, huishia kuwachosha watu.

Hatua ya pili: tunga swali

Tenga wiki nzima kwa swali. Swali baya haliokolewi na mwezeshaji hodari.

"Je, mnataka maji safi?" si swali, kwa sababu hakuna atakayesema hapana. "Tuboreshe vipi maisha ya jamii yetu?" ni pana mno, kila mtu atajibu lake na mwisho utakuwa na orodha ya mambo sitini. Swali linalofaa linabeba uzito wa kuchagua: "Fedha za mwaka ujao zinatosha kufanya kimoja kati ya hivi vitatu: kukarabati kituo cha afya, kujenga kivuko cha waenda kwa miguu, au kuongeza vyumba viwili vya madarasa. Kipi kitangulie, na kwa nini?" Hapo watu wanalazimika kupima, kusikilizana na kuachiana.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipitisha. Kwanza, lionyeshe kila upande wenye msimamo. Kama anayeunga mkono na anayepinga wote wanasema "swali hili linanitendea haki", umefika. Pili, lisomee watu watano wasiokuwa kwenye kamati yenu, kisha mwombe kila mmoja alieleze kwa maneno yake. Kama wawili kati yao wameelewa kitu kingine, liandike upya. Na pale inapowezekana, chaguo la kuacha mambo yalivyo liwemo, kwa sababu likifichwa, wanaolitaka watalitoa kwa hasira katikati ya mkutano.

Hatua ya tatu: nani awepo

Ukitangaza kwa kipaza sauti kwamba "wote mnakaribishwa", watakuja walewale: wenye muda, wenye sauti, wenye vyeo vidogovidogo, na wenye jambo lao. Mama anayefunga biashara yake usiku, kijana wa zamu, mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mpangaji aliyehamia mwaka jana hawatakuja, na hakuna atakayegundua kuwa hawapo. Mwaliko wa wazi una mahali pake, lakini usiutegemee peke yake.

Bahati nasibu ndiyo dawa, nayo haihitaji kompyuta. Tuseme eneo lina nyumba 600 na unataka washiriki 40 wa kuchaguliwa. Wengi watakataa au hawatapatikana, kwa hiyo alika nyumba 150. Gawa 600 kwa 150, unapata 4. Andika namba 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, mtoto aokote kimoja mbele ya watu. Akiokota 3, unaanza na nyumba ya tatu kwenye orodha, kisha ya 7, ya 11, ya 15, hadi mwisho. Ukifika kwenye nyumba usimchukue anayefungua mlango, kwa sababu mara nyingi ni mkuu wa kaya au ndiye anayeshinda nyumbani. Uliza watu wazima wa nyumba hiyo ni nani na nani, kisha mwalike yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi kufika. Ni kanuni ndogo, lakini inaziba mwanya mkubwa wa upendeleo: si rahisi mjumbe wa kamati kumpitisha shemeji yake. Kama nyumba yenyewe imekaliwa na kaya tatu, kila kaya iwe na namba yake kwenye orodha.

Katika waliokubali, gawa kwa jinsia, rika na sehemu ya makazi, kisha okoteni tena majina ndani ya kila fungu mpaka mpate 40. Waliobaki wawe akiba: kijana wa kike akijitoa, nafasi yake izibwe na kijana wa kike.

Hata bahati nasibu inaweza kuacha kundi zima nje. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipounda baraza la wananchi mwaka 2004 kujadili mfumo wa uchaguzi, lilichukua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kutoka kila jimbo la uchaguzi kati ya 79. Walipatikana watu 158, na hakuna hata mmoja aliyetoka katika jamii za wenyeji wa asili. Nafasi mbili zikaongezwa kwa ajili yao, wakawa 160, mbali na mwenyekiti. Fanya vivyo hivyo bila haya. Kwenye mkutano wa watu 60, kwa mfano, 40 watoke kwenye bahati nasibu na 20 wawe wale wanaoguswa moja kwa moja na uamuzi: wanaoishi pembeni mwa barabara itakayopanuliwa, wagonjwa wanaotegemea kituo, wauguzi, wazazi wa watoto wenye ulemavu. Wengine waruhusiwe kukaa na kusikiliza.

Kuna watu ambao hata wakifika hawatasema, kwa sababu bosi, mwenye nyumba, mkwe au mzee wao ameketi meza moja nao. Kwao andaa kikao kidogo wiki moja kabla, cha watu wanane hadi kumi, na hoja zao ziingizwe kwenye karatasi ya mjadala bila majina. Usichukulie hili kama jambo la ziada. Mara nyingi hoja nzito kuliko zote hutoka hapo.

Nauli, chakula na mahali pa kuwekea watoto ni sehemu ya haki ya kushiriki. Kiwango kiwe kimoja kwa wote, kitajwe kwenye mwaliko, na kilipwe kwa kusaini mbele ya watu. Posho ikizidi sana gharama halisi, orodha ya washiriki itaanza kujaa ndugu wa waandaaji. Ikikosekana kabisa, maskini watabaki nyumbani.

Hatua ya nne: karatasi ya taarifa

Kurasa mbili, si zaidi, kwa lugha ambayo watu wanaongea kila siku. Ieleze hali ilivyo kwa tarakimu, uamuzi unafanywaje, na machaguo matatu au manne. Chini ya kila chaguo yawepo mambo manne: gharama, atakayenufaika, atakayeumia, na muda wa utekelezaji. Kile cha atakayeumia ndicho waandaaji hukiruka, nacho ndicho watu hukitafuta kwanza.

Kabla ya kuchapisha, mpe rasimu mtu mmoja kutoka kila upande unaobishana, mwombe aonyeshe sentensi anazoona zimeegemea. Rekebisha. Ifike mikononi mwa washiriki siku saba kabla. Wasioweza kusoma wapelekewe sauti iliyorekodiwa, na siku ya mkutano isomwe yote kwa sauti, bila kumuuliza mtu yeyote kama anajua kusoma.

Wataalamu waalikwe wawili au watatu wenye mitazamo tofauti, dakika 10 kila mmoja, kisha wajibu maswali na waondoke mezani. Mhandisi akikaa na kikundi kwa saa nzima, kikundi kitageuka darasa.

Hatua ya tano: mahali, muda na watu wa kazi

Ukumbi usiwe wa chama cha siasa wala nyumba ya ibada ya kundi moja. Usiwe na jukwaa, au kama lipo lisitumike. Nchi nyingi zinataka mkutano utolewe taarifa polisi au kwenye mamlaka ya eneo. Uliza mapema na uweke nakala ya barua iliyopigwa muhuri. Epuka miezi ya karibu na uchaguzi, kwa kuwa kila meza itageuka kampeni.

Kila meza iwe na watu saba au wanane, mwezeshaji mmoja na mwandishi mmoja. Wawezeshaji wasiwe viongozi wa eneo, wagombea, wala wafanyakazi wa ofisi itakayotoa uamuzi. Wape mafunzo ya saa tatu, ambapo saa moja na nusu iwe mazoezi: mmoja aigize msemaji asiyekoma, mwingine aliyenuna, mwingine anayekuja na hotuba. Maelezo ya nadharia hayamsaidii mwezeshaji siku mzee wa watu atakapogonga meza.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Fanya hesabu moja kwanza. Watu 80 kwenye mkutano wa kawaida wa saa mbili: hotuba za wageni na taratibu zitakula dakika 40, zinabaki 80. Ni dakika moja kwa kila mtu, yaani kwa kweli ni dakika kumi kwa watu wanane na sifuri kwa waliobaki 72. Watu haohao wakigawanywa kwenye meza kumi kwa dakika 60, kila mmoja ana zaidi ya dakika saba za kusema. Ndiyo maana kazi kubwa ifanyike mezani, na mkutano wa wote uwe wa kufungua, kusikia muhtasari na kuamua.

Ratiba ya saa nne na nusu inaweza kwenda hivi:

- Dakika 20: kufungua na kusoma barua ya ahadi
- Dakika 30: taarifa na wataalamu
- Dakika 15: maswali ya ufafanuzi tu
- Dakika 60: meza, awamu ya kwanza: jambo hili linatugusaje?
- Dakika 20: mapumziko
- Dakika 60: meza, awamu ya pili: kupima machaguo
- Dakika 30: meza zote kusikilizana
- Dakika 25: kuamua
- Dakika 10: kufunga na kutaja tarehe ya mrejesho

Usizichanganye awamu mbili za meza. Watu wasipopewa nafasi ya kusema kwanza namna jambo linavyowagusa, watalisema wakati wa kupima machaguo, na hoja zitavurugika. Mtu aliyekwisha kusikilizwa hupima kwa utulivu zaidi.

Kiongozi mwenye kalamu asalimie kwa dakika tano, asome ahadi yake kwa sauti yake mwenyewe, kisha akae kama msikilizaji bila kujibu hoja. Akianza kujitetea, mjadala unageuka mkutano wa maswali na majibu. Akiondoka baada ya kufungua, watu wanaelewa maana yake.

Mezani, kila mtu apewe karatasi na dakika tatu za kimya kuandika au kuwaza. Kisha mzunguko: dakika mbili kwa kila mmoja, na hakuna anayesema mara ya pili kabla wote hawajasema mara ya kwanza. Mzunguko usianze kwa mkubwa wa umri au cheo. Akianza yeye, wanaofuata watasema "kama alivyosema mzee", na meza imeshafungwa. Anza na kijana au mtu asiye na wadhifa, mkubwa awe katikati au mwisho. Heshima yake haipungui kwa kusubiri.

Mwezeshaji awe na sentensi chache mdomoni tayari. "Tumekusikia, ndugu yangu, naomba tuisikie na meza." "Nani anaona tofauti na hivyo?" "Ukiacha chaguo lako, kipi kingekufanya uvumilie lile la mwenzako?" "Umesema barabara ni hatari. Hatari kwa nani, na saa ngapi?" Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko yote, kwa sababu linamtoa mtu kwenye lawama za jumla na kumrudisha kwenye anachokijua.

Akija mwenye hotuba ya kisiasa, usimnyamazishe; muulize inahusiana vipi na machaguo yaliyopo kwenye karatasi. Wawili wakipandishiana sauti, mwombe kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kuwa ndivyo alivyosema. Kama meza nzima imenyamaza, wagawe wawiliwawili waongee dakika tano, halafu warudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mara nyingi kuna mtu mezani hapo wanayemwogopa, na inafaa kuwahamisha washiriki wawili watatu kwa kisingizio cha kusawazisha idadi.

Mwandishi naye ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Aandike kwenye karatasi kubwa ukutani, kila mtu aione, na aandike maneno yaliyosemwa. Mtu akisema "mvua ikinyesha daraja linafunikwa, mama mjamzito hapiti hadi asubuhi", asiandike "changamoto za miundombinu". Maneno ya kwanza yana daraja, mvua, mama na usiku mzima wa kungoja. Mhandisi akiyasoma anajua aende kupima wapi. Maneno ya pili yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufika. Kila baada ya dakika 20 mwandishi asome aliyoandika na kuuliza, "Ndivyo mlivyosema?" Aliyesema ndiye anayeruhusiwa kusahihisha.

Hatua ya saba: kuamua

Kanuni ya kuamua itangazwe asubuhi, kabla mtu yeyote hajajua upande upi una nguvu. British Columbia ni mfano mzuri hapa pia: baraza lilipendekeza mfumo mpya wa uchaguzi, na kwenye kura ya maoni ya mwaka 2005 asilimia 57.7 waliunga mkono. Kiwango kilichowekwa kabla kilikuwa asilimia 60, hivyo pendekezo halikupita. Wengi waliumia, lakini hakuna aliyeweza kudai kuwa kanuni ilibadilishwa baada ya kuhesabu.

Kunyoosha mikono ni rahisi na ndiyo njia mbaya zaidi. Mtu huangalia kama jirani yake amenyoosha, na kama anayemdai fedha amenyoosha. Tumia kura ya siri: karatasi yenye machaguo yote, na mbele ya kila moja mshiriki aweke namba kuanzia 1 hadi 5. Moja ni "siwezi kuishi nalo", tatu ni "naweza kulivumilia", tano ni "naliunga mkono kabisa". Jumlisha alama, lakini angalia pia idadi ya walioweka 1. Chaguo lenye jumla kubwa ambalo robo ya watu wameliwekea 1 lina mgogoro ndani yake. Rudini mezani kwa dakika 15, muwaulize hao nini kingewafanya waweke 2 au 3. Mara nyingi ni sharti dogo: fidia ilipwe kabla ya ujenzi, au kazi zisifanyike msimu wa mavuno. Sharti hilo likiingizwa, pigeni kura tena mara moja tu.

Kura zihesabiwe hadharani na watu watatu waliochaguliwa na washiriki.

Hatua ya nane: ripoti na mrejesho

Ripoti iwe tayari ndani ya siku saba. Ikichelewa mwezi, waliokuwepo wameanza kukumbuka mikutano tofauti. Kurasa mbili hadi nne: swali, nani walishiriki kwa idadi, mapendekezo na alama zake, na hoja za waliokataa, kwa maneno yao. Hoja za wachache zisifichwe; uamuzi ukigonga mwamba baadaye, mara nyingi jibu limo humo. Mtu mmoja kutoka kila meza aisome na kusaini kabla haijapelekwa.

Mwenye kalamu ajibu kila pendekezo kwa moja ya njia tatu: limekubaliwa, limekubaliwa kwa mabadiliko, au limekataliwa, na sababu iandikwe mbele yake. Usikubali jibu la "limepokelewa na linafanyiwa kazi". Majibu yabandikwe palepale matangazo ya mwaliko yalipobandikwa, na wawakilishi wa meza wasomewe ana kwa ana. Watu huweza kuvumilia hapana yenye sababu. Kimya hawakivumilii.

Makundi ya simu yanafaa kwa kutuma tarehe, picha za karatasi za ukutani na majibu. Kwa kujadili hayafai: wanaoandika ni wachache, wasio na vifurushi hawamo, na uvumi mmoja wa usiku unaweza kubomoa kazi ya wiki nane.

Hatua ya tisa: ufuatiliaji

Chagueni kamati ya watu watano hadi saba, wengi wao wawe wametoka kwenye bahati nasibu. Chombo chao ni jedwali moja: kazi, anayewajibika, tarehe, fedha zilizotengwa, zilizotumika, imefika wapi. Wakutane kila miezi mitatu na jedwali libandikwe nje.

Fedha zisifuatiliwe kwa kusikiliza taarifa. Zifuatiliwe kwa nyaraka. Katika jimbo la Rajasthan nchini India, kuanzia mwaka 1994, kikundi cha wakulima na vibarua kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan kilikusanya wanakijiji na kuwasomea kwa sauti orodha za malipo ya kazi za umma. Watu walisikia majina ya waliokwisha kufariki yakitajwa kuwa wamelipwa ujira, na wengine wakasikia majina yao kwenye kazi ambazo hawakuwahi kuzifanya. Hakuhitajika mkaguzi wa hesabu. Walihitaji orodha na watu wanaofahamiana. Kutokana na vuguvugu hilo na mengine, India ilipata sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005. Kwa hiyo angalieni kama nchi yenu ina sheria ya namna hiyo, na ombi la nyaraka liandikwe, lipelekwe kwa nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Kazi ikiwa ni ya ujenzi, nendeni na futi kamba. Mkataba ukisema mtaro wa mita 200, pimeni mita 200.

Hatari kubwa ya kipindi hiki ni uhamisho. Ofisa aliyesaini anaondoka, anayekuja anasema hajui lolote. Kinga yake ni kuhakikisha barua ya ahadi na ripoti zimeingizwa kwenye muhtasari rasmi wa kikao cha halmashauri au baraza, maana kikao hakihamishwi.

Mkiona mmefanikiwa mara moja, fanyeni iwe ya kila mwaka, kwa tarehe zilezile. Mji wa Porto Alegre nchini Brazil ulianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi wapange sehemu ya bajeti ya jiji, na kilichoupa nguvu ni mzunguko uliojulikana: mikutano ya kanda, uchaguzi wa wajumbe, baraza la bajeti, kisha taarifa ya yaliyotekelezwa, na mwaka mwingine ukaanza. Kanuni za kugawa fedha zilikuwa wazi: kanda yenye idadi kubwa ya watu na upungufu mkubwa wa huduma ilipata zaidi. Mkazi aliyeshindwa mwaka huu alijua mwakani atarudi lini na anahitaji nini.

Kwa ajili ya mzunguko huo unaofuata, kabla watu hawajatoka ukumbini wape karatasi isiyo na jina yenye maswali manne. Ulielewa swali? Ulipata nafasi ya kusema? Je, kuna hoja iliyobadilisha mawazo yako, ni ipi? Na kuna jambo ulilotaka kusema ukaliacha; nini kilikuzuia? Majibu ya swali la nne yasomwe kwanza, siku ya kwanza ya kupanga mkutano mwingine, na kila sababu iliyotajwa zaidi ya mara moja ipewe mtu wa kuishughulikia kabla mialiko haijaandikwa.